Lenzi Iliyoanikwa Juani

Mjomba aliingia karakanani bila kupiga hodi, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Fundi aweke bisibisi chini. Mjomba alikuwa mtu wa hodi. Angeweza kusimama mlangoni akabisha hata kama mlango uko wazi na aliye ndani anamtazama usoni. Lakini asubuhi ile aliingia moja kwa moja, akasimama katikati ya chumba, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akautazama ukuta. Kisha akaziba la kulia, akautazama ukuta uleule.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ukuta wako una rangi gani?"

"Mweupe."

"Sawa. Kwa jicho hili ni mweupe, tena mweupe wa kuumiza." Akahamisha kiganja. "Na kwa hili ni maziwa yaliyotiwa chai. Miaka yote hii nimeishi ndani ya kikombe cha chai, mwanangu, na hakuna aliyeniambia!"

Fundi alicheka. Ndugu wote walikuwa na habari za jicho la Mjomba. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akajikaza na kusingizia uchovu, mpaka dada yake, yaani mama yake Fundi, alipomshika mkono kama mtoto mtoro na kumpeleka hospitali. La kulia lilikuwa limeshapasuliwa na kuwekewa kijilenzi kipya. La kushoto lilikuwa bado linasubiri zamu yake. Kwa hiyo siku hizo alitembea akifumba hili na kufumbua lile, akiulinganisha ulimwengu wa jicho jipya na ule wa jicho la zamani. Wasiomjua walidhani anawakonyeza.

"Sasa sikia kilichonileta," alisema. Aliingiza mkono mfukoni akatoa soksi ya sufu iliyofungwa fundo, akaifungua taratibu kama anayemvua kichanga nguo. Ndani mlikuwa na lenzi ya kamera yake.

Fundi aliijua lenzi hiyo tangu utotoni. Mjomba alikuwa mpiga picha maisha yake yote. Kabla watu hawajaanza kujipiga picha wenyewe kwa simu alikuwa na studio, na kamera ya filamu aliyoinunua ujanani, tayari ikiwa imetumika, ndiyo iliyomlisha. Lenzi ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, nyeusi, na rangi ilikuwa imelika pale vidole vyake vilipozoea kushika, shaba ikachungulia.

"Juzi niliitoa kuifuta," Mjomba alisema. "Nikaiinua dirishani, nikachungulia kwa jicho jipya. Mwanangu, nilikaa chini. Iangalie."

Fundi aliiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ya kahawia. Si uchafu, si vumbi. Mwanga wenyewe ulipita ndani ukatoka umebadilika, kama jua la jioni lililonaswa ndani ya kopo.

"Kwa jicho la zamani sikuona kitu. Chai ndani ya chai, utaonaje? Wateja walikuwa wananiambia picha zangu za rangi zimekaa kama zimekaangwa. Nikawa nagombana na wasafishaji wa picha. Nimewanunia watu wa watu bure!" Akatikisa kichwa. "Mimi nimetengenezwa. Sasa mtengeneze na mwenzangu."

Watu walimwita Fundi tu, mpaka jina lake la nyumbani likabaki midomoni mwa mama yake tu. Wateja wageni walioingia na kuuliza, "Samahani dada, fundi yuko wapi?" aliwajibu, "Unaongea naye," kisha akasubiri waone haya wamalize. Zamani karakana ilijaa kamera. Siku hizi alitengeneza zaidi darubini na hadubini za shule, lakini kamera ya zamani ikiletwa mezani aliosha mikono kabla ya kuigusa.

Akaanza kazi siku ileile, Mjomba akiwa amevuta stuli karibu, kidevu kikikaribia kugusa meza. Alifungua pete ya mbele kwa kipande cha mpira, kwa sababu chuma kingeacha mikwaruzo. Akatoa kioo cha kwanza, akakilaza juu ya karatasi nyeupe. Safi. Akatoa cha pili. Nacho safi. Akafika kwenye vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kujifunga kupimia mwanga, akakuta vimelowa mafuta yaliyoganda, akavipangusa kimoja kimoja. Mwisho akageuza lenzi nyuma na kutoa kioo cha mwisho, kinene, kilichokuwa kwa kweli vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa gundi. Alipokilaza kwenye karatasi, chini yake karatasi iligeuka rangi ya asali.

"Huyo hapo!" Mjomba alisema kwa sauti ya mtu aliyemwona mwizi sokoni.

Fundi alikisafisha kwa spiriti na pamba. Hakikubadilika. Akakiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akakikausha, akakisafisha tena. Pamba ilitoka nyeupe kama ilivyoingia. Rangi haikuwa juu ya kioo. Ilikuwa ndani yake, mle ambamo hakuna kidole wala kitambaa kinachofika.

"Nadhani ni gundi ya katikati," alisema hatimaye. "Imezeeka, imepiga rangi. Kuna njia mbili, Mjomba. Ninacho kioo kama hiki kwenye kamera mbovu iliyo kabatini, naweza kukubadilishia sasa hivi. Au nikichemshe hiki polepole mpaka gundi ilainike, nivitenganishe, nigundishe upya. Lakini kwenye moto kioo kinaweza kupasuka. Kikipasuka ndiyo basi."

Mjomba aliomba aone kile kioo kingine, akakishika, akakitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kilikuwa safi, hakina kosa.

"Ni kizuri," alisema. "Lakini hakijawahi kuniona. Hiki kimewaona watu wote niliowapiga picha. Kimemwona bibi yako akicheka, na unajua mwenyewe bibi yako hakuwa mtu wa kucheka ovyo." Akakirudisha. "Jaribu moto. Kikipasuka, nitalia kidogo, halafu tutaweka hicho."

Kesho yake Fundi alikuwa ameshatenga sufuria ndogo na kitambaa cha kulaza ndani yake, alipoingia mwalimu wa maabara wa shule ya jirani, jasho likimtiririka, amebeba sanduku la hadubini. Mitihani ya vitendo ilikuwa inakaribia na nusu ya hadubini zilikuwa hazioni kitu. "Dada, niokoe," alisema, "la sivyo wanafunzi wangu watachora mawingu." Fundi akakubali. Akakiweka kioo cha Mjomba kwenye kisahani cheupe, akakisogeza kwenye kizingiti cha dirisha kisije kikagongwa na viwiko, akainamia hadubini.

Kazi ilimmeza. Mama yake alikuja kila asubuhi kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha dirishani na ushonaji wake, akamsengenya Mjomba, mdogo wake, kwa upendo, akaondoka na jua la mchana. Siku moja alianza kutafuta kibweta cha miwani yake. Akatafuta nyumbani, akatafuta mkobani, akawauliza majirani. "Uzee umeanza kuniingia," alilalamika. "Kitu nilichokishika kwa mkono wangu mwenyewe!"

Hadubini ya mwisho ilipokwisha kufungwa sandukuni, Fundi alinyoosha mgongo, akaenda dirishani kuchukua kioo ili awashe jiko. Hapo ndipo alipokiona kibweta cha Mama, kimeegemea kisahani, kimekifunika kioo nusu.

"Mama! Kibweta chako hiki hapa!" aliita, akakiinua.

Kisha akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Kioo kilikuwa kimegawanyika. Upande uliokuwa chini ya kibweta ulikuwa wa kahawia kama siku kilipoletwa. Upande wa pili, ule uliokuwa wazi, ulikuwa umetakata. Hakikuwa kimefika rangi ya maji bado, lakini kahawia ilikuwa imekimbia, imebaki kama kumbukumbu tu ya majani ya chai. Na katikati, pale ukingo wa kibweta ulipopita, palikuwa na mpaka laini, chai ikiyeyukia kwenye mwangaza.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa.

"Mama, umekisugua hiki kioo?"

"Kioo gani?"

"Cha Mjomba. Umekipaka nini? Siki? Majivu? Niambie tu, sitakasirika."

"Wewe mtoto, mimi nikiguse kitu cha mezani kwako nina wazimu? Tangu uniwekee marufuku kwa sababu ya ile bisibisi niliyofungulia kopo, mikono yangu ninaikalia." Mama akajivuta kutoka kitini, akaja kuchungulia, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Akakitazama kioo. Akatazama dirisha. Akatazama kibweta mkononi mwa binti yake. "Jua limekila," alisema.

"Jua haliwezi kula rangi iliyo ndani ya kioo."

"Linakula mapazia yangu kila mwaka. Litashindwaje na hicho?"

Fundi alikigeuza kioo kwenye mwanga. Alikuwa amefungua lenzi nyingi kiasi cha kutokumbuka, amekuta ndani yake kuvu, mchanga, hata mdudu aliyekauka akiwa amekunja miguu. Aliamini anajua kila kitu kinachoweza kumpata kioo. Na sasa kioo kilikuwa kimebadilika kikiwa peke yake kisahanini, mgongoni mwake, na yeye anahangaika na skrubu.

Alitaka kuhakikisha. Alichukua pete ndogo ya chuma, ya zile zinazowekwa chini ya nati, akailaza juu ya ule upande wa kahawia. Akatoka na kisahani uani, mahali jua linapopiga bila kizuizi. Lenzi juani ni kiberiti. Inaweza kukusanya miale na kuchoma nyumba ya mtu. Kwa hiyo akatandika sinia ya bati juu ya tofali, akafunika sinia kwa karatasi ya alumini ili mwanga urudi juu pia, akazungushia matofali mengine kuku wasije wakaonja. Halafu akamwambia Mama asisogee hapo, wala yeye wala kibweta chake.

Siku zilizofuata hakukuwa na wingu. Fundi alijizuia kuchungulia, akashindwa. Kila alipotoka kuanika nguo au kumwaga maji alipitia pale matofalini, akainama, akarudi ndani bila kusema. Mama alimwona na akajifanya hamwoni.

Alipoona muda umetosha, alimtumia Mjomba ujumbe aje. Mwalimu wa maabara naye alikuwepo, amekuja kuchukua hadubini zake, akakuta watu wawili wamesimama uani kama wanaosubiri mgeni. Mjomba alifika, akapiga hodi getini, akajibiwa na sauti tatu.

Fundi aliibandua ile pete kwa kibano. Akakiinua kioo kwa kingo zake, akakielekeza angani.

Kioo chote kilikuwa kimetakata. Chote, isipokuwa katikati ya ule upande mmoja, pale ilipokaa pete. Hapo palikuwa na duara la kahawia lenye tundu jeupe katikati, kingo zake laini kama za kivuli, likielea ndani ya kioo. Fundi alipitisha kidole juu yake na kidole hakikuhisi chochote.

Kuku mmoja alikwaruza ardhi na kuacha.

"Imepiga picha," Mjomba alisema, sauti ikiwa chini sana. Alikuwa amefumba jicho la zamani na kulifumbua jipya mpaka mwisho. "Miaka yote inawapitisha watu na kuwapa filamu, yenyewe haibaki na kitu. Sasa imepiga yake."

Mwalimu aliomba kukishika. Alikigeuza huku na huku kwa muda mrefu, na uso wake ukawa wa mwanafunzi. "Nilifundishwa habari hii chuoni," alisema, "lakini nilidhani nitakufa sijaiona. Zamani kulikuwa na watengenezaji waliochanganya kwenye kioo madini fulani mazito ili lenzi ione vizuri zaidi. Madini hayo yanatoa miale yake yenyewe, yaani mionzi, hafifu sana, mchana na usiku, bila kupumzika. Miale hiyo ndiyo inayokitia kioo rangi polepole, kwa miaka. Kikikaa gizani kinazidi kuiva. Kikipata jua, jua linaifuta."

"Kwa hiyo hiki kioo kinawaka?" Fundi aliuliza. "Sasa hivi? Mkononi mwako?"

"Kinawaka. Ila huwezi kukiona kikiwaka. Na kitaendelea tukishakufa sisi wote na wajukuu zetu."

Mjomba alirudi nyuma hatua moja. "Kina madhara?"

"Kidogo mno. Usikile, usikisage, usilale nacho."

Mjomba alimtazama dada yake. Dada yake alimtazama yeye.

"Soksi ilikuwa inakaa wapi?" Mama aliuliza.

"Chini ya kitanda," Mjomba alisema.

"Chini ya kitanda, au chini ya mto?"

Mjomba aliwageukia kuku, na Mama akacheka mpaka akashika ubavu, akaketi kwenye tofali na kufuta machozi kwa upindo wa kanga. Mwalimu alimhakikishia kwamba kwa kioo kidogo namna hiyo hakuna kilichoharibika, ila kuanzia sasa kikae kwenye kamera, kabatini. Hapo hata Mjomba akacheka. Lakini Fundi alikuwa bado anakitazama kioo. Alikuwa anawaza jinsi alivyokuwa ametenga sufuria. Gundi haikuwa na kosa lolote. Angekipika kitu kisichokuwa na ugonjwa huo, pengine kikapasuka vipande viwili juu ya jiko, na asingejua kamwe kwamba dawa yake ilikuwa inaingia bure dirishani kila asubuhi.

"Duara tuliache?" alimuuliza Mjomba. "Picha yake ya kwanza."

Mjomba alifikiri. "Lifute," alisema. "Imeshanionyesha. Mimi nataka ione."

Duara likarudishwa juani, bila pete, na jua likalila kama Mama alivyosema. Fundi alikusanya lenzi kipande kwa kipande, pete kwa pete, akavuta pumzi na kuizuia kila alipoteremsha kioo mahali pake ili asiache mvuke. Mjomba alikuja siku hiyo na shati lililopigwa pasi.

"Kabla hatujaifunga kwenye kamera," Fundi alisema, "ngoja tuone inaona nini."

Alifunga madirisha ya mbao, akaziba mlango kwa blanketi. Kwenye dirisha la barabarani palikuwa na tundu lililoachwa na fundo la ubao lililodondoka zamani; akaibandika lenzi hapo kwa udongo wa kuchezea. Chumba kikawa giza la kupapasa. Akashika karatasi nyeupe mbele ya lenzi, akairudisha nyuma kidogo, akaisogeza mbele, na mtaa ukaingia ndani.

Uliingia mzima, kichwa chini. Anga ilikuwa sehemu ya chini ya karatasi, ya bluu, bluu isiyo na hata tone la chai. Mti wa ng'ambo uliteremkia angani na kila jani lake lilitikisika kivyake. Baiskeli ilipita juu, magurudumu hewani, na nuru ikachezea kwenye waya zake. Mwanamke mwenye ndoo nyekundu alitembea kwa miguu iliyokanyaga dari ya dunia, na maji yaliyomwagika kutoka ndooni yalidondokea juu, yakimetameta. Hakukuwa na umeme wala filamu wala betri. Kulikuwa na kioo na karatasi mkononi mwa Fundi, na mtaa aliozaliwa humo, ambao ghafla aliona kwamba hajawahi kuutazama.

Mikono ilianza kumtetemeka, na mtaa ukatetemeka nayo.

"Tulia," Mjomba alinong'ona. "Usiwamwage."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, mkono mdomoni. Alijaribu kuinamisha kichwa ili awaone watu walivyo, akaacha. Wakabaki hivyo, watatu gizani, wakiutazama mtaa ukipita juu ya karatasi isiyozidi ukubwa wa mkeka wa kuwekea sahani, na hakuna aliyewaza kumwambia mwenzake kwamba anaweza kufungua mlango na kuuona wote bure.

Baada ya muda, Mjomba alisafisha koo. "Dada," alisema, "nenda nje. Simama pale ng'ambo, chini ya mti."

"Nikafanye nini?"

"Usifanye kitu. Nataka nikuone."

Blanketi likainuliwa, mwanga ukaingia ukaifuta picha, blanketi likaanguka na picha ikarudi. Walisubiri. Kisha Mama akatokea ukingoni mwa karatasi, mdogo kama kidole, kichwa chini, akivuka barabara kwa uangalifu wake uleule. Alifika chini ya mti, akageuka, akajipangusa upindo. Kanga yake ilikuwa ya rangi ya zambarau. Fundi alikuwa ameifua kanga hiyo mara ngapi asiijue, na ilikuwa zambarau hivi, yenye kingo za kijani kibichi, na kivuli cha majani kikitembea begani.

Mjomba alisogea mpaka pumzi yake ikagusa karatasi. Aliziba jicho la kushoto kwa kiganja. Alikaa hivyo kitambo kirefu, na ng'ambo ya barabara dada yake alisimama tuli kama alivyoambiwa, akitazama upande wa dirisha lililofungwa, bila kujua kama wameshamwona.